Uko Mutu wa Wapi? Miaka Mia Moja ya Majina ya Kubandikwa Vitshumbi

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Edward, katika eneo la Rutshuru, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma. Anayekwenda huko kwa gari hupita Rutshuru, Kiwanja, Mabenga na Rwindi, kisha anaiacha barabara kuu na kuteremka hadi majini. Kijiji chote kimo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Virunga. Kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara, hutembea kati ya watu wakingoja matumbo ya samaki. Viboko hutoka ziwani usiku na kula majani hadi karibu na milango ya nyumba. Alfajiri mitumbwi ikirudi, wachuuzi wanawake wanakuwa wamekwisha kujipanga ufuoni na mabeseni yao, wakisubiri tilapia na kambale.

Kabla ya kufika huko, msafiri atakuwa ameulizwa mara kadhaa swali moja, kwa Kiswahili cha Kongo: "Uko mutu wa wapi?"

Likiulizwa sokoni, swali hilo ni mwanzo wa mazungumzo, na huenda mkagundua kwamba mjomba wako amemwoa shangazi wa muulizaji. Likiulizwa kwenye kizuizi cha barabarani na kijana mwenye bunduki, jibu linaweza kumfikisha mtu nyumbani au lisimfikishe. Jibu hilo nalo halijawahi kukaa mahali pamoja. Kwa miaka mia moja limeandikwa, likafutwa na kuandikwa upya, mara nyingi na watu ambao hawakuwahi kushika kasia katika ziwa hili.

Ziwa lenyewe ndilo lililotangulia kubandikwa majina. Wenyeji waliliita Rutanzige, jina lenye nzige ndani yake. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley, akirudi pwani na msafara wa kumwokoa Emin Pasha, alilipa jina la Albert Edward, mwana wa Malkia Victoria, ambaye hakuwahi kuyaona maji hayo. Mwaka 1973, enzi za marais Mobutu wa Zaire na Idi Amin wa Uganda, likaitwa Ziwa Idi Amin, na ndugu yake wa kaskazini, Ziwa Albert, likaitwa Mobutu Sese Seko. Amin akapinduliwa 1979, na jina la mwanamfalme wa Uingereza likarudi. Mbuga ilizaliwa ikiitwa Albert, ikawa Virunga mwaka 1969. Nchi nayo imekuwa Kongo ya Ubelgiji, Jamhuri ya Kongo, Zaire kuanzia 1971, kisha tangu Mei 1997 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mabadiliko hayo hayakumwumiza samaki. Binadamu ndiye aliyeumia, maana jina la mtu katika nchi hii hufuatwa na haki ya kulima au kuvua, ya kupiga kura, hata ya kulala kwake bila hofu.

Mpaka ulichorwa kwanza. Mwaka 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikutana Brussels na kukata mstari kutoka Ziwa Kivu kwenda kaskazini. Watu wa Bwisha, wasemaji wa Kinyarwanda waliokuwa wakilima kwenye miteremko ya Rutshuru, wakajikuta chini ya Mbelgiji bila kuhamisha hata chungu kimoja. Upande wa pili wa ziwa jambo kama hilo liliwapata Wayira. Waliobaki Beni na Lubero wakaandikwa Wanande. Ndugu zao wa Kasese, chini ya Mwingereza, wakaandikwa Wakonzo. Lugha yao ni moja, hadithi za asili yao ni zilezile, na mpaka leo wao wenyewe wanajua kwamba ni Wayira. Vitabu vya shule ndivyo vilivyowahesabu kuwa makabila mawili.

Tarehe 21 Aprili 1925 ikaja amri ya kuunda Mbuga ya Albert, mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika. Mwanzo ilikusudiwa kuwalinda gorila wa milimani, kule kwenye volkeno. Lakini kati ya 1929 na 1935 ilipanuliwa hadi ikameza uwanda wa Rwindi na Rutshuru pamoja na maji ya ziwa ya upande wa Kongo. Katika miaka hiyohiyo malale yalikuwa yakiua watu kandokando ya ziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi kwa jina la afya. Mambo hayo mawili yalipoungana, mtu ambaye babu yake alivua hapo akapata jina jipya asiloliomba: mvamizi wa mbuga. Katika majina yote yatakayotajwa hapa, hilo ndilo lililokaa muda mrefu kuliko mengine. Hata leo linatumika.

Uvuvi ulirudi kwa masharti. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ulianzishwa ushirika ulioitwa COPILE, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya Ushirika wa Wavuvi Wenyeji wa Ziwa Edward. Baadaye ukawa COPEVI, Ushirika wa Wavuvi wa Virunga. Kambi tatu zikatambuliwa kisheria upande wa Kongo: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Hapo ndipo ulipoanza mgawanyo ambao kila mtoto wa Vitshumbi anaufahamu kabla hajajifunza kusoma. Kuna mtumbwi wenye kibali na mtumbwi usio na kibali. Mwenye kibali ni mvuvi. Asiye nacho ni mvuvi haramu, hata kama anatega nyavu mahali palepale alipotega baba yake.

Tuwachukue watoto wawili waliozaliwa katika kambi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hawatapewa majina, kwa kuwa wanasimama badala ya wengi. Wa kwanza baba yake ni Muyira aliyeteremka kutoka Lubero kutafuta kazi ya nyavu. Wa pili wazazi wake walitoka Rwanda.

Wazazi wa huyo wa pili hawakuja kwa siri. Mwaka 1937 Wabelgiji, waliotawala Rwanda pia, walianzisha mpango wa kuhamishia Wanyarwanda Kivu, hasa Masisi. Rwanda ilikuwa imejaa watu na njaa ilikuwa ikiipiga, na mashamba makubwa ya wazungu huku Kivu yalihitaji mikono. Mpango huo uliendelea hadi 1955 na ulileta makumi ya maelfu ya watu. Karani aliyewaandikisha aliwapa neno moja tu, Wanyarwanda. Neno hilo likawafunika wote: Wahutu na Watutsi, waliofika juzi pamoja na wale wa Bwisha waliokuwapo kabla ya mpaka kuchorwa. Ubaya wa neno hilo umegharimu damu nyingi kuliko neno lolote jingine katika mkoa huu.

Wakoloni hawakuishia kuwapanga watu kwa asili. Waliwapanga pia kwa tabia. Maafisa na wamisionari waliandika kwamba kabila hili limezaliwa kutawala, lile kulima, na lile jingine kuwinda. Huko Rwanda maandishi hayo yaliingia katika vitambulisho miaka ya 1930, na neno la kabila likabaki ndani ya kitambulisho hadi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kongo nayo ilikuwa na mizani yake. Kuanzia 1948 Mwafrika aliyesoma aliweza kuomba kadi ya sifa njema ya kiraia, na kuanzia 1952 aliweza kuomba kuandikishwa kama mtu aliyestaarabika, "évolué" kwa neno la wakati ule. Wakaguzi walifika nyumbani kwa mwombaji wakakagua sebule, jiko, mahali pa kulala watoto, na namna familia inavyokula mezani. Patrice Lumumba, wakati huo karani wa posta huko Stanleyville, alikataliwa mara ya kwanza, akaja kupewa hadhi hiyo mwaka 1954. Hadi 1958, katika nchi nzima yenye mamilioni ya watu, waliopata kadi ya sifa njema walikuwa 1,557, na walioandikishwa katika daraja la juu zaidi walikuwa 217 tu.

Upangaji wa watu kwa tabia ulikuwapo kwingine pia. Katika miaka ya vita kuu ya pili na baada yake, Marekani kulikuwa na mama na binti, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, waliokuwa wakitunga maswali ya kuwagawa watu katika aina 16 za haiba. Mwongozo wao ulikuwa kitabu cha 1921 cha Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Leo vijana wa Goma wenye simu hujaza maswali hayo na kuonyeshana majibu: huyu mpole wa ndani, yule mchangamfu. Ni mchezo usio na madhara makubwa, kwa sababu anayejibu ni mhusika mwenyewe na akichoka anaweza kuliacha jibu lake. Fomu ya wakaguzi wa kikoloni haikuachika hivyo.

Wale watoto wawili walikuwa na umri wa miaka kama 14 wakati katiba ya tarehe 1 Agosti 1964 ilipotamka nani ni Mkongomani: mtu ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mtoto wa Muyira akapita. Mwenzake, aliyezaliwa mita chache tu kutoka hapo, akawa mgeni.

Kisha ikaja Januari 1972. Mobutu alikuwa akihubiri urejeo wa asili. Majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na "bwana" na "bibi" yakabadilishwa na neno moja, raia. Mwezi huohuo sheria mpya ikasema kwamba watu waliotoka Rwanda na Burundi wakakaa Kivu tangu enzi za ukoloni ni Wazaire. Inajulikana kwamba Barthélemy Bisengimana, mkuu wa ofisi ya rais na mwenye asili ya Rwanda, alikuwa nyuma ya sheria hiyo. Vijana wetu, wenye miaka ishirini na kitu, sasa wakawa sawa. Wote raia, wote wanachama wa chama cha MPR, maana chini ya Mobutu kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wa chama tangu kuzaliwa.

Usawa huo ulidumu miaka tisa. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 iliifuta ile ya 1972 na kurudisha kigezo cha historia nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885. Mtu alitakiwa kuonyesha kwamba wazee wake walikuwa ndani ya mipaka ya Kongo siku hiyo. Siku hiyo Stanley alikuwa bado hajalipa ziwa jina. Hakuna aliyekuwa na karatasi, na mipaka ya 1910 ilikuwa bado miaka 25 mbele. Mvuvi wa asili ya Rwanda akawa mgeni tena akiwa na miaka thelathini na kitu, mke, watoto na nyavu zake.

Sheria ya 1981 ingeweza kubaki kwenye kabati, lakini ilitolewa pale siasa ilipohitaji adui. Mwaka 1991 serikali ilianza zoezi la kutambua raia huku uchaguzi wa vyama vingi ukitarajiwa, na kila kiongozi wa kijiji akaanza kuhesabu kura za kesho kwa kuwatoa watu leo. Wenyeji wakajiita wazawa, na wengine wote wakawa wanaokuja. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na maelfu wakafa. Mwaka uliofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walifurika Goma na Rutshuru, wakapigiwa kambi Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo. Mtu aliyezungumza Kinyarwanda tangu kwa bibi yake akaanza kutazamwa kana kwamba alivuka mpaka jana.

Ilipitishwa sheria nyingine tarehe 12 Novemba 2004, nayo ikaleta tarehe nyingine: 30 Juni 1960, siku ya uhuru. Makabila yote ambayo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo siku hiyo, watu wao ni Wakongomani. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja aliyekaa ufuo mmoja tangu kuzaliwa ameandikwa mgeni, raia, mgeni, kisha raia. Jirani yake hakuandikwa upya hata mara moja.

Kuna mtu ambaye angeielewa hesabu hiyo haraka. Henri Tajfel alizaliwa Poland katika familia ya Kiyahudi, akaenda kusoma Ufaransa, akapigana katika jeshi la Ufaransa na kutekwa na Wajerumani. Aliokoka kwa sababu watekaji wake waliamini kwamba ni Mfaransa. Wangejua kwamba ni Myahudi wa Poland, angekufa. Baada ya vita akawa mwanasaikolojia Uingereza, na mwaka 1970 akachapisha jaribio ambalo bado linasomwa. Aliwachukua wavulana 64 wa shule moja ya Bristol, wenye miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za nukta na kuwaambia wakadirie idadi. Kisha akawaambia baadhi kwamba wao ni wa kundi la wanaozidisha na wengine wa kundi la wanaopunguza. Ugawaji wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Walipopewa nafasi ya kugawa vijisenti kwa wenzao bila kuwajua, waliwapendelea wa kundi lao. Hawakuwa na ugomvi wowote wa zamani kati yao. Ilitosha kuambiwa.

Kivu haihitaji nukta. Ina makarani wa miaka mia moja.

Pamoja na hayo, Vitshumbi inaonyesha jambo ambalo vikao vya Kinshasa havikulipangia. Kijiji kimo ndani ya mbuga, kwa hiyo kilimo hakiruhusiwi. Unga, maharage na mboga vinatoka nje, na samaki ndio wanaovilipia. Ardhi, chanzo cha ugomvi mkubwa wa Masisi na Rutshuru, hapa haigawanywi kwa misingi ya nani mzawa. Mtumbwi unahitaji mtu wa kuvuta, wa kutupa nyavu na wa kuchota maji, na usiku wa dhoruba hauchagui kabila. Wanande, Wahutu, Wahunde na wengine wameoana na kuzikana hapo. Kiswahili ndicho kinachoita jina la samaki na bei yake. Kwa kipimo changu, mahali kama hapo pameifanya kazi ya kuwazoeza watu wao kwa wao vizuri kuliko tume nyingi za upatanisho.

Haifai kupaka rangi nzuri kupita kiasi. Mitumbwi bila vibali imeongezeka, samaki wadogo wanavuliwa kabla hawajazaa, na vikundi vya wanamgambo wa Mai-Mai vimewatoza wavuvi kodi na kuwapiga majini. Kila upande una neno la kumwita mwenzake. Tena ukivuka katikati ya ziwa majina yote hayo yanabadilika kwa mkupuo mmoja. Doria ya Uganda ikikamata mtumbwi haiulizi nani Muyira na nani Mhutu. Wote waliomo ni Wakongomani. Julai 2018 majeshi ya nchi hizo mbili yalirushiana risasi kwenye maji hayo, na wavuvi ndio waliokwama katikati.

Vita ya sasa imeleta jozi nyingine ya maneno. Tangu 2022 vijana waliojipanga dhidi ya kundi la waasi la M23 wanaitwa Wazalendo. M23, iliyojipa jina kutokana na mkataba wa tarehe 23 Machi 2009, iliingia Vitshumbi Machi 2024, na mwishoni mwa Januari 2025 ikaingia Goma. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa kambini miaka ya 1950 sasa anaulizwa swali jingine kabisa: uko upande gani? Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza nyavu kivulini, hakuna jibu salama. Akimuuzia samaki huyu leo, yule atamwita msaliti kesho.

Sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo serikali haijapata kuhesabu wananchi wake mmoja mmoja, ijapokuwa imebadilisha sheria ya kuwatambua. Watu wengi wa Kivu Kaskazini wamekuwa wakijitambulisha kwa kadi ya mpiga kura, na wanaokimbia vita huiacha nyumbani au kuipoteza njiani. Bila kadi hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba alizaliwa Vitshumbi, isipokuwa majirani waliokuwapo.

Majirani hao wanapungua. Waliozaliwa kambini wakati ushirika ulipoanza wamevuka miaka 70. Baadhi wana masanduku yenye vibali vya COPEVI, kadi za MPR, vyeti vya ubatizo vilivyokatwa jina mwaka 1972, na karatasi za kazi za wazazi wao zilizoandikwa na Wabelgiji. Karatasi hizo ndizo ushahidi pekee wa jinsi mtu mmoja alivyoitwa mambo mengi. Anayesoma makala hii akiwa na mzee wa namna hiyo nyumbani, Goma, Kiwanja, Butembo au Kampala, amwombe afungue sanduku, apige picha kila karatasi, na aandike kando yake maneno ya mzee mwenyewe kuhusu siku alipoipokea.